Kutoka KIA Hadi Ng'ambo: Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Makosa ya wasafiri wa Arusha na Moshi wanapokadiria safari ndefu za ndege yanajirudia kiasi kwamba huwa nayajua kabla sijaifungua tiketi. Wa kwanza hutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, akapata safari ya saa 14, kumbe atakuwa njiani kwa zaidi ya saa 22. Wa pili hupima ramani ya ukutani kwa rula, kisha akalalamika kwamba ndege inamzungusha Ulaya bila sababu. Wa tatu, ambaye hasara yake ndiyo kubwa, hufika uwanjani karibu siku nzima baada ya ndege kuondoka.

Mwongozo huu unafuata safari moja tu, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro hadi Minneapolis, Marekani, kwa kuunganisha ndege Amsterdam. Nimeichagua kwa sababu makosa yote matatu yanaonekana ndani yake. Tiketi ninayoitumia ni ya mfano, na saa zake nimezipanga mwenyewe.

Jambo moja la uandishi kwanza. Ninapoandika "saa 8" kwa tarakimu, ninamaanisha urefu wa muda. Ninapoandika 08:15 kwa nukta mbili, ninamaanisha saa kama ilivyochapwa kwenye tiketi. Saa ya Kiswahili nitaiandika kwa maneno.

## Vitu vya kuandaa

Pata tiketi kamili yenye saa za kuondoka na kufika kwa kila kipande cha safari. Ujumbe mfupi wa wakala unaosema "unaondoka Jumatano usiku" hautoshi, na baadaye utaona kwamba ni hatari.

Andaa kalkuleta ya kisayansi yenye vitufe vya sin na cos. Ile ya mwanafunzi wa sekondari inafaa kabisa, na simu nyingi zikilazwa ubavu huonyesha vitufe hivyo.

Tafuta pia karatasi, kalamu, kalenda ya ukutani, na ukiweza kuazima, globu ya shule pamoja na uzi wa kushonea wenye urefu wa mkono mmoja. Ramani bapa ya dunia iache palepale ukutani.

## Hatua ya 1: Tambua viwanja kwa herufi zake tatu

Kila uwanja wa abiria una msimbo wa herufi tatu, nao unaaminika kuliko jina la mji. Sisi husema KIA, lakini tiketi itaandika JRO. Uwanja wa Kisongo, upande wa pili wa jiji la Arusha, ni ARK, na kati ya viwanja hivyo viwili kuna zaidi ya kilomita 50 za barabara na foleni ya jiji zima. Ukiona NBO, safari yako inaanzia Nairobi, na hesabu lazima ianze na basi la Namanga.

Ugenini ni vivyo hivyo. London ina Heathrow, ambao ni LHR, na Gatwick, ambao ni LGW. New York ina JFK na LGA, na wengi huandikiwa EWR, uwanja ambao kwa hakika uko katika jimbo jirani la New Jersey. Mtu anayetua kimoja na kuondokea kingine ana safari ya barabarani katikati, hata kama tiketi inaonyesha jina la mji uleule.

Amsterdam ni AMS na Minneapolis ni MSP. Umefaulu hatua hii ukiwa na mstari mmoja mfupi kwenye karatasi: JRO – AMS – MSP.

## Hatua ya 2: Andika latitudo na longitudo kwa desimali

Umbali wa ndege hupimwa kati ya viwanja, si kati ya miji wala kati ya nchi. Kwa hiyo tafuta latitudo na longitudo ya kila uwanja, kisha ziandike kwa desimali.

Hapa ndipo kosa la kwanza la hesabu linapoingia. KIA huandikwa kuwa digrii 3, dakika 25 na sekunde 46 Kusini. Wengi huunganisha tarakimu hizo na kuandika 3.2546, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60 na si 100. Gawanya dakika kwa 60 upate 0.4167, gawanya sekunde kwa 3,600 upate 0.0128, kisha jumlisha na 3. Jibu ni 3.4295, ambalo tutalifupisha kuwa 3.43. Kosa la kuunganisha tarakimu lingeuhamisha uwanja kwa takriban kilomita 19.

Kusini na Magharibi huwekewa alama ya kutoa. Viwanja vyetu vitatu vitakuwa hivi:

JRO: latitudo −3.43, longitudo 37.07
AMS: latitudo 52.31, longitudo 4.76
MSP: latitudo 44.88, longitudo −93.22

Kabla ya kuendelea, jiulize swali moja: je, uwanja wetu una alama ya kutoa mbele ya latitudo? Watu hukumbuka alama ya Marekani na kuisahau ya nyumbani, kwa kuwa hapa tuko karibu sana na ikweta na 3.43 huonekana kama kitu kidogo. Ukiisahau, kwa safari yetu utapoteza zaidi ya kilomita 500.

## Hatua ya 3: Kokotoa umbali kwa kalkuleta

Dunia ni mviringo, hivyo njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu. Kanuni yake ni hii:

cos D = (sin A × sin B) + (cos A × cos B × cos L)

A ni latitudo ya uwanja wa kwanza, B ni latitudo ya uwanja wa pili, na L ni tofauti ya longitudo zao. D ndiyo pembe tunayoitafuta.

Kabla ya kubonyeza chochote, tazama sehemu ya juu ya kioo cha kalkuleta. Lazima kuwe na herufi ndogo D au neno DEG. Ukiona R, RAD, G au GRA, kalkuleta inapima pembe kwa kipimo kingine, na jibu litakuwa la ovyo bila kukuonya. Nimewahi kumwona kijana wa kidato cha sita akirudia hesabu hii mara nne, kila mara akipata jibu lilelile lisilo na maana, huku kijiherufi R kikimtazama kutoka kona ya kioo.

Sasa JRO hadi MSP moja kwa moja. Tofauti ya longitudo ni 37.07 kujumlisha 93.22, kwa sababu kimoja kiko Mashariki na kingine Magharibi, nayo ni 130.29.

Sehemu ya kwanza: sin(−3.43) × sin(44.88) = −0.0598 × 0.7056 = −0.0422

Sehemu ya pili: cos(−3.43) × cos(44.88) × cos(130.29) = 0.9982 × 0.7086 × (−0.6467) = −0.4574

Jumla: −0.4996

Bonyeza SHIFT kisha cos, uingize −0.4996. Utapata takriban digrii 119.97. Kila digrii ya duara kuu ina takriban kilomita 111.2, hivyo zidisha, na jibu ni karibu kilomita 13,340.

Fanya vivyo hivyo kwa vipande viwili vya safari halisi. JRO hadi AMS ni takriban kilomita 6,900. AMS hadi MSP ni takriban kilomita 6,690. Jumla yake ni 13,590.

Hebu itazame tofauti hiyo. Kupitia Amsterdam kunaongeza takriban kilomita 250 tu juu ya njia fupi kabisa, yaani chini ya asilimia mbili. Anayelalamika kwamba anazungushwa Ulaya anazungushwa kwa umbali usiofika hata wa kutoka Moshi hadi Korogwe.

Onyo moja: ukipata D inayozidi 180, au umbali unaozidi kilomita 20,000, rudi nyuma. Hakuna viwanja viwili duniani vilivyotengana zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia, ambao ni karibu kilomita 40,000.

## Hatua ya 4: Hakiki kwa uzi na globu

Hatua hii ni ya dakika mbili. Bana ncha ya uzi kwenye Kilimanjaro, uunyooshe kwa kuukaza hadi Minneapolis, uweke alama kwa kucha, kisha uuzungushe uzi huo kwenye ikweta ya globu. Pembe yetu ilikuwa karibu digrii 120, na 120 ni theluthi ya 360. Kwa hiyo uzi wako unapaswa kuenea ikweta mara tatu, karibu bila kubaki.

Tazama pia uzi unapita wapi. Ukiukaza vizuri, utaelekea Kaskazini-Magharibi, uvuke Sahara na ukate Ureno kabla ya kuingia Atlantiki. Ramani ya ukutani yenye mistari ya latitudo na longitudo inayokatana kwa pembe mraba inadanganya hapa, kwa kuwa huzivuta na kuzipanua nchi zilizo mbali na ikweta. Rula juu ya ramani hiyo itakupitisha Burkina Faso na Mauritania, na macho yatakwambia kuwa huo ndio mnyoofu. Ukiipima njia hiyo ya rula juu ya dunia halisi, inafika karibu kilomita 14,100. Ni ndefu kuliko hata ile ya kupitia Amsterdam.

Wafanyabiashara waendao Guangzhou hukutana na hali tofauti kidogo. Njia fupi kutoka KIA ni takriban kilomita 8,760, na kwa kupitia Addis Ababa inakuwa karibu 9,430. Hapo kuzunguka kupo kweli, karibu kilomita 670, ambazo ni chini ya saa moja hewani.

## Hatua ya 5: Kisia muda wa kila kipande

Ndege kubwa za safari ndefu huruka kwa takriban kilomita 900 kwa saa zikiwa juu kabisa. Usigawanye umbali kwa 900. Ndege hutumia muda kupanda, kushuka na kusubiri zamu, na pia haifuati duara kuu kwa usahihi wa uzi wako. Zaidi ya hayo, muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama tena kwenye maegesho ya ugenini, na kutembea ardhini kumo ndani yake.

Kanuni ninayoitumia ni kugawanya umbali kwa 850, kisha kuongeza nusu saa.

JRO hadi AMS: 6,900 ÷ 850 = 8.1, ukiongeza 0.5 unapata 8.6, yaani saa 8 na dakika 36.

AMS hadi MSP: 6,690 ÷ 850 = 7.9, ukiongeza 0.5 unapata 8.4, yaani saa 8 na dakika 24.

Kumbuka kwamba 8.6 si saa 8 na dakika 60, wala si saa 8 na dakika 6. Zidisha 0.6 kwa 60.

Sasa upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, katika kimo ambacho ndege hizi hurukia, kuna mkondo wa upepo wenye nguvu unaovuma kutoka Magharibi kwenda Mashariki, na huzidi nguvu wakati wa baridi ya huko. Anayekwenda Marekani huupokea usoni, kile ambacho mabaharia wetu wangekiita upepo wa mbisho, na anayerudi husukumwa nao mgongoni. Kwa hiyo ongeza dakika 30 hadi 45 ukielekea Magharibi juu ya bahari hiyo, na punguza kiasi kama hicho ukirudi. Kipande cha KIA hadi Amsterdam huelekea zaidi Kaskazini, upepo huo haukigusi sana, na makisio yanaweza kubaki yalivyo.

Kama makisio yako yanapishana na tiketi kwa dakika 30 au 40, umefaulu. Yakipishana kwa saa mbili au zaidi kwenye kipande kimoja, chunguza kama ndege inatua mahali pengine katikati, kwa maana baadhi ya ndege za Ulaya hushusha KIA kisha zikaendelea Dar es Salaam au Zanzibar kabla ya kugeuza. Namba ya ndege hubaki ileile, na abiria wa KIA hukaa kitini akishangaa kwa nini anauona Mzizima, yaani Dar es Salaam, badala ya Sahara.

## Hatua ya 6: Hamisha saa zote ziwe za UTC

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na ndiyo inayotibu kosa la saa 14. Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mahali husika. 00:40 ni saa ya KIA, 08:15 ni saa ya Amsterdam, na 15:05 ni saa ya Minneapolis. Kuzitoa moja katika nyingine ni kama kutoa shilingi katika euro.

Tiketi yetu ya mfano inasoma hivi:

JRO 00:40, Jumatano 15 Julai 2026 – AMS 08:15, Jumatano 15 Julai
AMS 13:10, Jumatano 15 Julai – MSP 15:05, Jumatano 15 Julai

Andika pembeni mwa kila uwanja tofauti yake na saa ya kimataifa, UTC. Tanzania ni +3 mwaka mzima. Uholanzi ni +1 wakati wa baridi na +2 wakati wa kiangazi. Minneapolis ni −6 wakati wa baridi na −5 wakati wa kiangazi. Kwa kuwa tiketi ni ya Julai, tutatumia +3, +2 na −5.

Kanuni: saa ya mahali, toa tofauti, ndipo upate UTC. Kutoa −5 ni kujumlisha 5, na hapo ndipo kalamu nyingi huteleza.

Kuondoka JRO: 00:40 toa 3 ni 21:40, ya Jumanne tarehe 14.
Kufika AMS: 08:15 toa 2 ni 06:15, Jumatano tarehe 15.
Kuondoka AMS: 13:10 toa 2 ni 11:10, Jumatano.
Kufika MSP: 15:05 jumlisha 5 ni 20:05, Jumatano.

Sasa unaweza kutoa. Kipande cha kwanza ni saa 8 na dakika 35, na makisio yetu yalikuwa saa 8 na dakika 36. Kusubiri Amsterdam ni saa 4 na dakika 55. Kipande cha pili ni saa 8 na dakika 55, yaani makisio yetu pamoja na nusu saa ya upepo. Jumla ni saa 22 na dakika 25.

Hakiki jumla kwa njia ya pili: kutoka 21:40 ya Jumanne hadi 20:05 ya Jumatano ni saa 22 na dakika 25. Njia zote mbili zikikubaliana, hesabu yako ni salama.

Aliyetoa 00:40 katika 15:05 alipata saa 14 na dakika 25. Pungufu lake ni saa 8 kamili, ambazo ndizo tofauti ya saa kati ya Arusha na Minneapolis wakati wa kiangazi. Ukiona kosa lako ni la saa kamili, bila dakika za ziada, karibu kila mara ni tofauti ya saa za nchi uliyoisahau. India ni mfano wa nchi zilizo tofauti, kwa kuwa iko +5 na nusu, na kosa lake huja na dakika 30.

Habari njema kwa wengi ni kwamba Addis Ababa, Doha na Istanbul zote ziko +3 kama sisi, mwaka mzima. Anayeunganisha ndege huko habadilishi saa yake hadi aondoke tena.

Jihadhari na majuma ya mpito. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, na Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Mwaka 2026 tarehe hizo ni 8 Machi na 29 Machi. Wakati wa kurudisha, Ulaya hutangulia, 25 Oktoba, na Marekani hufuata 1 Novemba. Katika vipindi hivyo viwili tofauti kati ya Amsterdam na Minneapolis huwa saa 6 badala ya 7, na jedwali ulilonakili mwaka uliopita linaweza kukudanganya.

## Hatua ya 7: Geuza saa ya tiketi iwe ya Kiswahili, na uitaje siku kwa makini

Kugeuza ni rahisi: toa 6, au jumlisha 6 kama haitoshi kutoa, na jibu likifika 13 au zaidi, toa 12 tena. 08:15 ni saa mbili na robo asubuhi. 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana. 15:05 ni saa tisa na dakika tano alasiri. 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku.

Ugumu uko kwenye siku. Tarehe ya tiketi hugeuka saa sita usiku. Siku katika mazungumzo yetu haigeuki hapo: kwa watu wengi, Jumatano huanza kunapopambazuka Jumatano, na usiku wake ni ule unaofuata chakula cha jioni cha Jumatano. Kwa hiyo "Jumatano, saa sita na dakika arobaini usiku" ni maneno sahihi kwa tiketi yetu, na bado yatampeleka msafiri uwanjani akiwa amechelewa karibu siku nzima.

Hili silisemi kwa kusikia. Nilimsindikiza shangazi yangu KIA kwa tiketi ya namna hiihii, tukafika Jumatano saa tatu usiku tukiwa na mabegi mawili yaliyofungwa kamba ya manila na kiroba cha unga wa ulezi. Askari wa mlangoni aliimulika karatasi kwa tochi, akaisoma mara mbili, kisha akamuuliza kwa upole, "Mama, hii si ya jana usiku?" Ndege ilikuwa imeondoka zaidi ya saa 20 zilizopita. Aliyemsomea shangazi tiketi nyumbani nilikuwa mimi, na kila neno nililomsomea lilikuwa sahihi.

Dawa yake tunayo katika lugha yetu wenyewe: "usiku wa kuamkia". Saa yoyote ya tiketi iliyo kati ya 00:00 na 05:59, iandike kwa maneno hayo na uitaje siku inayotangulia pia. Tiketi yetu itakuwa: "Jumanne usiku, kuamkia Jumatano, saa sita na dakika arobaini." Mwambie msafiri airudie kwa sauti. Umefaulu iwapo, ukimuuliza atakula wapi chakula cha jioni cha mwisho, atajibu "nyumbani, Jumanne".

Na kwa wanaobaki wakisubiri simu: kufika Minneapolis ni 20:05 ya UTC, ambayo kwa Arusha ni 23:05, saa tano na dakika tano usiku wa Jumatano. Kwa msafiri ni saa tisa alasiri, jua kali. Asiposikika ifikapo saa sita usiku wa kwetu, huenda bado yuko kwenye foleni ya uhamiaji, na hakuna sababu ya kuamsha ukoo.

Alama ya +1 karibu na saa ya kufika humaanisha siku inayofuata ile ya kuondoka. Imechapwa kwa herufi ndogo mno. Izungushie kalamu.

## Hatua ya 8: Pima muda wa kuunganisha ndege

Saa 4 na dakika 55 za Amsterdam zinatosha. Zingekuwa saa moja na robo, ningeuliza maswali mawili. Je, vipande vyote viko kwenye tiketi moja? Kama ni tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika huwa na wajibu wa kukutafutia ndege nyingine. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hukuacha ujitetee mwenyewe. Je, mabegi yataenda moja kwa moja hadi mwisho?

Swali la pili lina jibu lake la pekee kwa Marekani. Kwa kawaida abiria hupita uhamiaji na kuchukua mabegi yake katika uwanja wa kwanza anaoukanyaga nchini humo, hata kama ana ndege nyingine ya ndani mbele yake, kisha huyakabidhi tena. Mtu anayeendelea kutoka Minneapolis kwenda mji mwingine ajiachie saa tatu hapo.

## Hatua ya 9: Rudia hesabu kwa safari ya kurudi

Usidhani kurudi ni kwenda kulikogeuzwa. Chukua tiketi hii ya kurudi, Jumamosi 8 Agosti: MSP 16:10 – AMS 07:10 +1, kisha AMS 10:00 – JRO 19:35, Jumapili 9 Agosti.

Kwa UTC, kuondoka MSP ni 21:10 ya Jumamosi, na kufika JRO ni 16:35 ya Jumapili. Safari nzima ni saa 19 na dakika 25. Kipande cha kuvuka bahari kimekuwa saa 8 kamili badala ya saa 8 na dakika 55, kwa sababu upepo sasa uko mgongoni. Kusubiri Amsterdam ni saa 2 na dakika 50, na kipande cha mwisho ni saa 8 na dakika 35.

Anayetoa saa za tiketi bila kubadilisha atapata saa 27 na dakika 25. Kosa ni la saa 8 zilezile, ila safari hii limejiongeza badala ya kujipunguza. Ndiyo sababu utasikia watu wakisema kwenda Marekani ni karibu na kurudi ni mbali, wakati mambo ni kinyume.

## Hatua ya 10: Rudi nyuma hadi mlangoni pako

Anza na saa ya kuondoka, kisha hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege inaachia maegesho 00:40. Toa saa 3 za kukabidhi mabegi, ukaguzi na uhamiaji, na unapaswa kuwa ndani ya uwanja 21:40, saa tatu na dakika arobaini usiku.

Kutoka katikati ya Arusha hadi KIA ruhusu saa moja na nusu. Barabara hupita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti kabla ya njia panda ya kuingilia uwanjani, na siku za soko la Tengeru, yaani Jumatano na Jumamosi, jioni huwa na foleni ya malori ya ndizi na bajaji zinazokata bila kuonya. Kutoka Moshi kupitia Bomang'ombe ni karibu zaidi, lakini dakika kumi utakazookoa usizihesabu.

Kwa hiyo msafiri wa Arusha anatoka nyumbani 20:10, saa mbili na dakika kumi usiku. Mpigie dereva mchana wake umthibitishie, na usimtajie Jumatano hata mara moja. Mwambie ni Jumanne, tarehe 14, baada ya chakula cha jioni.